Milimita Kumi au Foti-Faivu

Ujumbe wa mdogo wangu uliingia saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, nikiwa nimeketi katika chumba cha walimu na kikombe cha chai mkononi. Kwake, karibu na Dallas, ilikuwa saa nane usiku, saa ambayo duka la kituo cha mafuta anakofanya kazi huwa tupu, naye hubaki nyuma ya kaunta akipambana na usingizi. Alikuwa ametuma picha mbili za bastola. Nilizitazama mara tatu, nikadhani ni bastola moja iliyopigwa picha mara mbili. Kisha ikaja sauti yake:

"Bro, hebu nisaidie. Hiyo ya kwanza ni milimita kumi. Hiyo ingine ni foti-faivu. Si wewe ndiye msomi wa familia? Niambie, ni gani inaangusha mtu?"

Chai ilinipoa mkononi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia hapa Bukura. Bunduki ninazozijua ni zile zinazobebwa na askari mlangoni pa benki kule Kakamega mjini, na ile Ceska ambayo magazeti yetu huitaja kila jambazi anapokamatwa. Sijawahi kushika hata risasi moja. Lakini nilijua kwa nini aliniuliza. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, mwanamume mmoja aliingia katika duka lile, akamwelekezea bastola usoni, akachukua pesa za droo na pakiti kadhaa za sigara, akaenda zake. Mdogo wangu hakuguswa. Alimaliza zamu yake, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo, mke wake aliniambia kwa simu, halali kitandani. Hukaa kwenye kiti, ameugeukia mlango.

Nikamjibu kwamba nitasoma, nitamwambia. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Kaliba, nilijifunza, ni upana tu wa tundu la mtutu, na kwa hivyo wa risasi inayopita humo. Ceska za polisi wetu ni za milimita 9. Foti-faivu ni sehemu 45 za mia za inchi, yaani karibu milimita 11 na nusu. Basi hiyo milimita kumi, ambayo kwa sikio la mtu asiyejua kama mimi ilisikika kubwa, ndiyo nyembamba kati ya hizo mbili. Tofauti iko kwingine. Risasi ya kawaida ya foti-faivu ina uzito wa karibu gramu 15 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 255 kwa sekunde. Ile milimita kumi, ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1983, ilikuwa na uzito wa gramu 13 na mwendo wa mita 365 hivi kwa sekunde. Moja ni trela la miwa linalokokotwa na trekta kuelekea Mumias: zito, halina haraka, lakini ukiligonga hulisukumi. Nyingine ni matatu ya saa kumi na mbili jioni. Ukipiga hesabu ya nguvu, foti-faivu ina jouli kama 480, na hiyo milimita kumi ya kwanza ilifikia kama 860.

Bastola za picha zile zilikuwa Glock 20 na Glock 21. Ndiyo maana sikuona tofauti: umbo ni karibu lile lile. Moja hubeba risasi 15 za milimita kumi, nyingine 13 za foti-faivu, na zote mbili hujipakia zenyewe kila unapofyatua, huhitaji kuzikoki tena.

Nikamwandikia: "Kwa hesabu, milimita kumi ina nguvu karibu mara mbili."

Akajibu baada ya dakika moja: "Sawa. Lakini inaangusha?"

Huku kwetu swali hilo lingekufa kabla halijafika kwenye kaliba. Ungeanzia kituo cha polisi, ueleze kwa nini unataka silaha, uchunguzwe, kisha Bodi ya Leseni za Silaha iamue kama sababu yako inatosha. Na hata ukipewa cheti, si chako milele: mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita wenye bunduki wote wa kiraia wahakikiwe upya. Mdogo wangu ana grini kadi, hana kesi popote, na tangu Septemba 2021 sheria ya Texas inamruhusu mtu mzima kama yeye kutembea na bastola bila hata kibali. Kwake kilichobaki ni kuchagua.

Nikaendelea kusoma usiku, baada ya kusahihisha insha. Nikagundua kwamba swali lake lina zaidi ya miaka 100, na kwamba lilianzia mahali ambapo sikutarajia.

Wamarekani walipoitwaa Ufilipino kutoka kwa Wahispania, walikutana kusini na Wamoro, Waislamu waliokataa kutawaliwa. Maafisa walikuwa na bastola za kaliba ya .38. Zikaja habari za wapiganaji waliopigwa risasi mara kadhaa na bado wakafika na panga zao. Sisi wa Magharibi hatuhitaji kuelezwa sana hadithi kama hiyo. Pale Chetambe, juu ya Webuye, mwaka 1895 Wabukusu walisimama mbele ya bunduki ya Maxim ya Waingereza. Tofauti ni kwamba Maxim haikuacha mtu yeyote akiuliza kama inaangusha. Bastola ndogo za Ufilipino ziliacha swali hilo, na jeshi la Marekani likataka jibu.

Mwaka 1904 wakawateua watu wawili, afisa mmoja aliyeitwa Thompson na daktari wa jeshi aliyeitwa LaGarde. Hao wawili wakaenda Chicago, kwenye mazizi makubwa ya machinjio, wakapiga risasi ng'ombe. Ng'ombe hai. Walipiga pia maiti za watu ili waone mifupa inavyovunjika, lakini ng'ombe ndio waliokuwa wa kupima kuanguka. Walijaribu kaliba ndogo na kubwa, wakihesabu: ameanguka kwa risasi ngapi? Wengine walipigwa hata mara 10 na wakabaki wamesimama, wakamalizwa kwa nyundo. Mwishowe wale wawili wakaandika kwamba bastola ya askari isipungue kaliba ya .45. Hapo ndipo foti-faivu ilipozaliwa. Bastola yake, ya mwaka 1911, ikakaa mikononi mwa jeshi hilo hadi 1985.

Niliposoma habari za nyundo niliiweka simu chini. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinunua madume masokoni, akawanenepesha kwa nepia, akawauza. Na palipokuwa na matanga au harusi, yeye ndiye aliyeitwa kuchinja. Nilimshikia kamba tangu nikiwa darasa la sita. Vijana waliokuwa wanajifunza walikuja na visu virefu kama panga. Yeye alikuwa na kisu kifupi, kimeisha kwa kunolewa, mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli. Alikuwa akiwaambia, "Ng'ombe haangalii urefu wa kisu. Angalieni mnapokiweka." Thompson na LaGarde, baada ya kuua ng'ombe wote wale, waliandika jambo linalokaribiana na hilo: kwamba hakuna risasi ya bastola yenye hakika ya kumsimamisha mtu isipopiga mahali penyewe, na kwa hivyo askari wafundishwe sana kulenga. Watu wamelikumbuka pendekezo la kaliba. Hilo la kulenga halitajwi sana.

Hadithi ya milimita kumi nayo ina damu yake. Tarehe 11 Aprili 1986, kule Miami, maafisa wanane wa FBI waliwazingira majambazi wawili wa benki. Mmoja wa majambazi hao alipigwa mapema kwa risasi ya milimita 9 iliyopita mkono ikaingia kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni. Jeraha lile lingemuua. Lakini halikumuua wakati huo huo, na katika dakika chache zilizobaki aliendelea kufyatua. Maafisa wawili walikufa, watano wakajeruhiwa. FBI wakailaumu risasi iliyosimama njiani, wakatafuta yenye nguvu zaidi, wakachagua milimita kumi. Baada ya muda mfupi wakaona maafisa wengi hawaiwezi. Teke lake ni kali, bastola inaruka, risasi ya pili inaenda juu. Wakaipunguza baruti. Mwaka 1990 ikatoka kaliba ya .40, ambayo ni milimita kumi ile ile kwa upana ila ganda limekatwa fupi. Na miaka kama 25 baadaye FBI walirudi walikotoka, kwenye milimita 9. Walieleza kwamba risasi za siku hizi zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba kaliba hazitofautiani sana ndani ya mwili, na kwamba mtu hulenga vyema zaidi kwa bastola isiyompiga teke. Katika mapambano ya kweli, hata polisi waliofunzwa hukosa kwa risasi nyingi wanazofyatua.

Milimita kumi haikufa. Askari wa Denmark wanaozunguka na mbwa kwenye theluji ya Greenland huibeba kwa ajili ya dubu. Ni silaha ya mtu anayeweza kukutana na dubu.

Haya yote nilimsimulia mdogo wangu Jumapili, kwa simu, nikiwa chini ya mwembe wa mama. Nilikuwa nimejiandaa kama ninayeingia darasani. Alinisikiliza bila kunikata. Kisha akasema:

"Umesoma poa, bro. Lakini mimi sina haja na dubu. Mimi nataka ile ingemsimamisha yule msee."

"Yule wa dukani?"

"Zi. Yule wa home. Wa 2003."

Nikanyamaza. Mama alikuwa jikoni, anapuliza moto.

Ilikuwa Agosti 2003, wakati wa likizo. Nilikuwa kidato cha pili, yeye alikuwa na miaka tisa. Mchana wa siku hiyo Mzee alikuwa ameuza madume wawili, akarudi na shilingi 34,000, karo yangu ya muhula wa tatu ikiwa humo, na nyingine ya kununulia ndama. Mvua ilinyesha jioni. Miwa ya jirani wakati huo ilikuwa imekomaa na kufika nyuma kabisa ya jikoni yetu. Kama saa saba usiku mlango uliruka kwa lile jiwe kubwa ambalo huku kwetu watu huliita fatuma. Walikuwa wawili. Mmoja alibaki nje na tochi, akimulika ndani. Mwingine aliingia, amejifunga fulana usoni, mkononi ana bastola.

Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika panga. Nilikuwa na miaka 16 na nguvu za kulima ekari. Sikutoka. Mdogo wangu alikuwa chini ya kitanda cha wazazi, maana usiku huo alikuwa na homa na alilala kwao. Kutoka kule chini aliona vitu viwili tu: magoti ya baba yetu yakishuka mpaka yakagusa sakafu, na tundu jeusi la mtutu. Mzee hakubishana. Alitoa pesa zote kutoka kwenye mkebe wa Kasuku, akazishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea baraka. Wakaondoka. Dakika tano, pengine chini ya hapo. Mama akaanza kupiga nduru, majirani wakaja na marungu, wakafuata nyayo mpaka kwenye miwa, wakarudi.

Muhula ule wa tatu sikwenda shule. Mwaka uliofuata nilirudia kidato cha pili pamoja na watoto niliokuwa nimewatangulia. Mdogo wangu alikojoa kitandani hadi darasa la saba. Alipopata nafasi ya kwenda Marekani hakuangalia nyuma, na mimi nilijua sababu moja ambayo hakuwahi kuitaja.

Kitu ambacho yeye hakujua ni hiki. Siku ya tatu baada ya usiku ule, nilikuwa nakata nepia kandokando ya miwa. Nikaona kitu cheusi kwenye tope. Nilirudi nyuma, moyo ukinipiga, nikatafuta kijiti, nikakigusa. Kilikuwa chepesi. Nikakiokota. Kilikuwa kipande cha mti kilichochongwa vizuri, kikapakwa masizi na oili chafu ya gari. Mbele kilikuwa kimechomekwa kipande cha bomba la baiskeli. Kidole changu cha shahada kiliingia ndani ya tundu bila shida.

Nilimpelekea Mzee zizini. Alikigeuza mkononi kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alipitisha kidole gumba juu ya alama za kisu, polepole, halafu akaniambia nilete jembe. Nikaleta. Mpini wa jembe letu ulikuwa na mistari myembamba iliyoinuka, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kisu kilichouchonga kilikuwa na pengo. Kile kipande cha mti kilikuwa na mistari ile ile. Mpini tuliununua sokoni Bukura kutoka kwa kijana wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa akichonga mipini baada ya kukosa karo ya sekondari. Labda alikuwa na miaka 19.

Mzee aliketi juu ya debe. Akasema, "Hii inaitwa wizi wa mabavu. Hukumu yake ni kitanzi." Ni kweli, ndivyo Kanuni ya Adhabu inavyosema, na kwamba silaha ni ya bandia si kinga, hilo nalo ni kosa kwa jina lake katika Sheria ya Silaha. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini zizini pale hatukuwa tunahesabu hivyo. Akasema tena, "Siwezi kupeleka mtoto wa jirani kwenye kamba kwa sababu ya kijiti." Halafu, bila kuniangalia: "Na huyu mdogo asijue."

Mti aliuchoma jikoni. Bomba alilitupa chooni. Tulikaa na siri hiyo mpaka alipofariki mwaka 2016.

Kwa miaka mingi niliamini alinyamaza kwa huruma tu. Nilipokua nikaona palikuwa na kingine ndani yake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mwanawe, amepigia magoti kipande cha mti. Huruma ilikuwa ya kijana wa ng'ambo ya kijito. Aibu ilikuwa yake, na ndiyo aliyoniomba nimfichie.

Kijana yule ni mtu mzima sasa. Ana karakana kando ya barabara, anatengeneza vitanda, milango na madawati. Mzee alipofariki alikuja na wanaume wengine kuchimba kaburi, akalala matangani usiku wote mawili. Tukipatana sokoni hunisalimu, "Mwalimu, mulembe," nami humjibu mulembe. Watoto wake wawili nimewafundisha. Sijui kama anajua kwamba najua. Ziko siku, hasa nilipokuwa nikirudia kidato cha pili, nilizotamani Mzee angekuwa na bunduki usiku ule. Siwezi kusema sikutamani.

Ndiyo maana, chini ya mwembe, niliposikia mdogo wangu akisema anataka ile ambayo ingemsimamisha yule wa 2003, sikuweza kujibu kwa jouli. Nilizikusanya kaliba zote mbili kichwani, nikaziweka mkononi mwa Mzee pale sakafuni. Foti-faivu ingemsimamisha. Milimita kumi ingemsimamisha, ikatoka mgongoni, ikapita ukuta wa udongo, pengine ikamkuta yule wa tochi. Tungebaki na 34,000 zetu na maiti ya kijana wa miaka 19 mwenye kijiti mkononi. Sijui Mzee angeendelea kuishije katika kijiji hiki. Sijui mimi ningemfundisha nani.

Nikawaza pia habari ya Cleveland, ambayo mdogo wangu anaijua kuliko mimi. Tarehe 22 Novemba 2014, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akicheza na bastola ya plastiki kwenye bustani. Gari la polisi likafika, na kabla ya sekunde mbili kuisha alikuwa amepigwa risasi. Afisa aliyefyatua hakuwa na muda wa kujua anachokiona. Bastola ya mkononi mwake ilikuwa ya kweli. Ya upande wa pili haikuwa.

"Bro, uko?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimweleza kila kitu, kijiti, masizi, bomba la baiskeli, mpini wa jembe, debe alilokalia Mzee. Sikumtajia jina la mtu, lakini yeye si mjinga, mipini ya sokoni anaikumbuka. Nilipomaliza nilisikia jokofu za dukani zikinguruma upande wake.

"Mti?" akasema.

"Mti."

"Yaani Mzee alipigia magoti mti."

"Hakujua. Hakuna aliyejua."

"Wewe ulijua." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Siku ya tatu ulijua. Mimi nikaendelea kukojoa kitanda, na wewe unajua. Miaka ishirini, bro. Ishirini."

Nikasema Mzee ndiye aliyeniomba. Lilikuwa jibu dhaifu, na tangu 2016 halikuwa jibu kabisa. Akakata simu.

Wiki nzima hakuandika. Mama aliniuliza kama mtoto wake yuko salama nikamwambia yuko na kazi nyingi. Nilijilaumu kwanza kwa kunyamaza, halafu kwa kusema. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu. Mtu akiogopa jambo miaka ishirini, hulijenga maisha yake juu yake, kisha unakuja kumwambia lile jambo lilikuwa kijiti.

Jumamosi iliyofuata picha mbili zikaingia. Safari hii si bastola. Ni karatasi mbili za kulengea shabaha, zimechorwa umbo la mtu. Alikuwa amekwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha unaokodisha bastola, akapiga kila moja risasi kumi kutoka mita saba. Karatasi ya milimita kumi ilikuwa na matundu manne ndani ya mchoro; mengine yalikuwa yametawanyika juu, na mengine hayakuonekana kabisa. Ya foti-faivu ilikuwa na manane, mengi yakiwa kwenye bega la kushoto.

Ikaja sauti. Haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka.

"Nimeshika zote. Hiyo milimita kumi inapiga mkono kama nyundo. Foti-faivu inasukuma tu. Jamaa wa pale ameniambia hata hiyo itapita ukuta wa nyumba yangu, sababu ni jasi na mbao. Na ukuta wa pili ndiko mtoto hulala." Akanyamaza kidogo. "Halafu bro, ya huyu wa dukani haikuwa mti. Nimeona risasi ndani. Usidhani umenimaliza na hiyo hadithi yako."

Ni kweli, na sikuwa nimesema vinginevyo. Yeye ndiye anayesimama nyuma ya kaunta ile saa nane usiku, si mimi. Kama ningekuwa pale labda ningetaka ile ya dubu. Nilimwambia hivyo, na nikamwomba msamaha kwa ile miaka ishirini. Msamaha hakuujibu.

Siku kumi baadaye aliniandikia mistari mitatu. Amechukua foti-faivu. Amenunua pia sanduku la chuma la kuifungia, na ufunguo anatembea nao. Na mstari wa tatu: "Juzi nililala kitandani."

Nikamwambia ni vizuri. Nikadhani tumemaliza. Lakini jioni hiyo, kwake ikiwa asubuhi, akaniuliza:

"Ule mpini wa jembe bado uko?"

Uko. Jembe tumebadilisha mara mbili, chuma huisha, lakini mpini ni ule ule, umekuwa mweusi na laini kwa mikono ya mama.

"Nitumie picha. Nataka kuona hiyo mistari."

Nikauchukua kutoka pembeni mwa jikoni, nikautoa nje kwenye mwanga, nikauinamisha hivi na hivi hadi mistari ikatokea. Mama akaniona kutoka mlangoni. Akauliza ni nani huyo Marekani anayetaka kuona jembe, na kama huko hawana. Nikamwambia ni mdogo wangu, anataka tu kuona jinsi lilivyochongwa.

"Mwambie huyo aliyelichonga bado yupo," mama akasema, akirudi motoni. "Mwambie akija ataagiza lake."

Sijui mama anajua kiasi gani. Sikumuuliza. Nilituma picha.